Tafuta kiraka kwanza: namna ya kubuni kitu ambacho watu watakitumia kweli

Kitu cha kwanza nilichobuni mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho kilikuwa kiboksi cha kupangia vidonge. Vyumba 21, siku 7 mara 3, plastiki nyeupe safi, vifuniko vinabana hadi vinalia tik, na nilikuwa nakionea fahari kweli. Nikawapa watu wachache wakae nacho wiki 6 alafu nikaanza kuwazungukia mmoja mmoja. Mzee mmoja akaniletea cha kwake, kona moja ina doa jekundu, mimi nikajua ni uchafu tu, nikachukua kitambaa nikaanza kusugua huku tunaongea. Akanishika mkono. "Kijana, usifute hiyo, hiyo ndiyo inanionyesha Jumatatu iko wapi."

Kumbe ni rangi ya kucha ya mjukuu wake. Manake mimi kwa akili zangu niliandika herufi moja moja juu ya kila safu, J J J A I J J, nikaona imekaa kisasa. Sasa hebu isome hiyo kama mtu ambaye hakuibuni, J ipi ndiyo Jumanne? Na kiboksi kilikuwa sawasawa pande zote, ukikigeuza mbele nyuma kinakaa vilevile mezani, na kwa macho ya mzee asubuhi kabla hajavaa miwani hizo herufi ni vijimstari tu. Na vile vifuniko vyangu vinavyolia tik alikuwa anavifungulia kwa mpini wa kijiko, vidonge vinaruka hadi chini ya kiti. Hayo yote hakuniambia. Nilipomuuliza "mzee, kiboksi unakionaje?" alisema kizuri sana, ahsante.

Hiyo rangi ya kucha mimi naiita kiraka. Kiraka ni chochote ambacho mtumiaji amekiongeza, amekikata, amekifunga au amekichora kwenye kitu ili kitu kimfae. Plasta iliyobandikwa juu ya batani ya mashine wodini ili isibonyezwe kwa bahati mbaya. Mpira uliozungushwa kwenye chupa moja ya bafuni kati ya mbili zinazofanana, ili mwenye sabuni machoni ajue kwa kugusa ipi ni shampuu. Rimoti iliyofunikwa yote na selotepu zikabaki batani 3. Karatasi ya "VUTA" kwenye mlango ambao mpini wake unakuambia sukuma. Kila kiraka maana yake kuna mtu amefanya kazi yako bila malipo, na ameifanya akiwa na shida mkononi, kwa hiyo mara nyingi yuko sahihi kuliko wewe.

Kwa hiyo huu mwongozo naupanga kwa kufuata viraka. Njia rasmi ipo, kuna IEC 62366-1, kiwango cha kimataifa kinachohusu urahisi wa kutumia vifaa tiba, na kama unatengeneza kifaa cha hospitali huikwepi hiyo, utakutana nayo tu mlangoni. Lakini mtu anayeanza akiisoma hiyo kwanza anajifunza kujaza fomu kabla hajajifunza kutazama.

Orodhesha mikono, sio "mtumiaji"

Ukiandika "mtumiaji" kwenye karatasi yako, kichwani unamwona mtu mmoja, na mtu huyo anafanana na wewe kwa namna ya kutisha. Badala yake orodhesha kila mkono utakaogusa hicho kitu kuanzia kinatoka kwenye boksi hadi kinatupwa. Chukua pampu ya dripu. Yupo anayeinunua, ambaye haigusi kabisa lakini ndiye mwenye sauti. Yupo fundi anayeikagua. Yupo nesi wa mchana, na yupo nesi wa usiku ambaye ni mtu tofauti hata kama ni yuleyule, manake saa 9 usiku akili haiko pale ilipokuwa mchana. Yupo mgonjwa anayelala na kelele zake, yupo ndugu wa mgonjwa anayekimbia korido "nesi, hii inalia, hii inalia", na yupo mtu wa usafi anayeipangusa kila siku kwa dawa kali. Huyo wa mwisho anasahaulika karibu kila mara, na yeye ndiye atakayekuambia kwamba maandishi ya batani yalishafutika zamani na manesi wanabonyeza kwa kukariri.

Alafu achana na mtu wa wastani. Huyo hayupo, na hili sio neno la kunogesha tu, lilipimwa. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani lilipima miili ya marubani 4,063 ili kutengeneza chumba cha rubani kinachowatosha, na kijana mmoja aliyekuwa kwenye kazi hiyo, Gilbert Daniels, akachukua vipimo 10 muhimu, urefu, kifua, mkono na kadhalika, akaangalia ni marubani wangapi wako katikati kwenye vyote 10. Jibu lilikuwa sifuri. Hata mmoja! Yaani kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya "rubani wa kawaida" kilikuwa hakimtoshi mtu yeyote, na suluhisho likawa viti na pedali za kurekebishika, kitu ambacho leo kila dereva anakiona cha kawaida.

Sasa ukishajua hakuna wa katikati, nenda pembeni. Tafuta mtu ambaye kitu kinamtesa zaidi. Sam Farber alikuwa amestaafu biashara ya vyombo vya jikoni, akamwona mkewe Betsey, mwenye ugonjwa wa viungo mkononi, anavyohangaika na kisu cha kumenyea, kile cha mpini wa chuma chembamba. Kutokana na hapo wakaja na vifaa vya jikoni vya OXO mwaka 1990, mpini mnene wa mpira laini wenye vijipezi ubavuni vya kushikia, na wenye mikono mizima nao wakavipenda, kwa sababu mkono mzima ukilowa au ukiwa na sabuni nao unakuwa mgonjwa kwa muda. Huo ndio ujanja wa kuanzia pembeni, wa katikati wanaingia wenyewe. Kinyume chake haifanyi kazi, ukianzia katikati wa pembeni wanabaki nje na rangi zao za kucha.

Nenda ukatazame, na uliza "nionyeshe"

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaporuka, wanaandika maswali 20 kwenye fomu ya mtandaoni wanatuma wanasubiri. Fomu inafaa ukitaka kuhesabu jambo unalolijua tayari. Haitakupa kitu usichokijua, kwa sababu mtu hawezi kulalamikia shida aliyoizoea, ameshaihamishia kwenye mwili wake. Angalia mtu akipima maji kwenye jagi lenye mistari ubavuni, anamimina, anainama aone mstari, ananyanyuka, anaongeza, anainama tena. Muulize jagi lake lina tatizo gani, atakuambia labda linavunjika haraka. Kuinama hatakutajia hata siku moja, lakini mgongo wake umeinama mbele yako mara 4. OXO baadaye walitoa jagi lenye mistari unayoisoma ukiwa umesimama, kutokea juu.

Kwa hiyo nenda mahali kitu kinapotumika, muda kinapotumika, na sentensi yako ya kwanza iwe "naomba unionyeshe unavyofanya". Sio "unapenda nini", sio "ungependa kuwe na nini". Ukimuuliza mtu angependa nini atakubunia bidhaa papo hapo kukufurahisha, na wewe utarudi ofisini na orodha ya ndoto. Ukishamwomba akuonyeshe, nyamaza. Tazama mikono kuliko uso. Mkono ukisita hewani kabla ya kugusa, andika. Akibadilisha mkono, andika. Akivaa miwani au akisogeza kitu kwenye mwanga, andika. Akitumia meno, andika kwa herufi kubwa. Na kiraka ukikiona usikisifie wala usikicheke, uliza tu "hii ilianzaje?" alafu kaa kimya, kwa sababu nyuma ya kila kiraka kuna siku mambo yaliharibika, na hiyo hadithi ya siku hiyo ndiyo dhahabu uliyoifuata.

Swali lingine ninalolitumia sana ni "mara ya mwisho ilikuwaje?" Ukisema "huwa unafanyaje" mtu anakupa ile ya kwenye maelekezo. Ukisema "mara ya mwisho" anakumbuka jana usiku, umeme ulikatika, mtoto analia, alishika simu kwa meno ndio akapata mwanga.

Kama ni wodini au nyumbani kwa mgonjwa kuna adabu yake. Omba ruhusa kwa maandishi, ya hospitali na ya mtu mwenyewe, piga picha mikono na vitu lakini sura na majina yaache, na ukiambiwa toka nje toka bila kujadili. Na usisimame kwenye njia ya kitanda. Nimeona mbunifu anasukumwa na kitanda cha dharura akiwa anaandika kuhusu usalama wa mgonjwa, aibu tupu.

Kuna wanaojaribu kujivika hali ya mtumiaji, na inasaidia kiasi. Patricia Moore, mbunifu wa Marekani, alianza mwaka 1979 akiwa na miaka 26, akajibadilisha awe bibi wa miaka 80 na zaidi, miwani ya kumtia ukungu, masikio yamezibwa, viungo vimefungwa visikunjike vizuri, akazunguka miji mingi hivyo kwa karibu miaka 3. Wewe huhitaji kufika huko, vaa glavu jozi 2, paka mafuta kidogo kwenye miwani ya bei rahisi, funga vidole 2 pamoja na plasta, alafu jaribu kufungua bidhaa yako mwenyewe. Dakika 5 zinatosha kukushusha. Ila usidanganyike kwamba sasa umekuwa mzee, mzee wa kweli ana miaka kibao ya kujifunza mbinu zake, wewe una dakika 5 za kushangaa, kwa hiyo hilo zoezi ni la kukuandaa kumtazama, sio la kumwacha nje.

Andika hitaji kama kitendo

Ukirudi na daftari limejaa, kishawishi kipo kimoja kikubwa, kuandika "anahitaji app". App sio hitaji. Hitaji ni kitendo, "anahitaji kujua kama kidonge cha asubuhi ameshakinywa au bado". Ukiandika hivyo majibu yanaweza kuwa kiboksi, kifuniko kinachogeuka rangi, kalenda ukutani, hata chupa unayoigeuza juu chini ukishakunywa. Ukiandika app, jibu ni app tu, na simu yenyewe iko chaji chumba kingine.

Mfano ninaoupenda wa hitaji lililoandikwa vizuri ni chupa ya dawa inayoitwa ClearRx. Bibi yake Deborah Adler alikunywa kwa makosa dawa za babu, chupa zinafanana, lebo zinafanana, na Adler wakati huo ni mwanafunzi wa dizaini, akaichukua hiyo kama kazi yake ya shule. Angeweza kusema hitaji ni lebo nzuri zaidi. Lakini ukitazama, hitaji lilikuwa watu wawili nyumba moja kila mtu ajue chupa yake kabla hata hajasoma. Kwa hiyo ikaja pete ya rangi shingoni mwa chupa, kila mtu wa nyumba ana rangi yake, chupa ina ubavu bapa ili lebo isomeke bila kuizungusha, na jina la dawa likapanda juu ambapo zamani palikuwa na nembo ya duka. Maduka ya Target ya Marekani yakaanza kuitumia 2005. Angalia hiyo ya nembo. Mtu akiwa mgonjwa nembo ya duka haimsaidii chochote, lakini ndiyo ilikuwa imekalia sehemu bora ya lebo, kwa sababu aliyepanga lebo alikuwa anafikiria duka.

Na wakati mwingine hitaji haliko kwenye mashine kabisa. Doug Dietz wa kampuni ya GE alibuni mashine ya MRI, ile ya kupiga picha ndani ya mwili, akaenda hospitali kuiona ikifanya kazi, moyo umejaa, akakutana na mtoto anayelia kwa hofu ya kuingizwa humo ndani. Kwa mtoto lile ni pango linalonguruma. Watoto wengi walikuwa wanalazwa usingizi kwa dawa ndio wapigwe picha. Alichofanya hakubadilisha utumbo wa mashine, walichora chumba kizima kiwe meli ya maharamia, chombo cha anga na kadhalika, na mhudumu akapewa maneno ya kumsimulia mtoto, zile kelele zikawa sehemu ya safari, na haja ya kuwalaza watoto kwa dawa ikapungua. Kama hitaji lingeandikwa "mashine yenye kelele chini zaidi" wangekuwa bado maabara.

Tengeneza kibaya, mapema

Sampuli ya kwanza iwe mbaya. Sisemi hivi kukufariji, ubaya wenyewe ndio faida, mtu akiona kitu kimeng'aa anaogopa kukikosoa, akiona boksi na selotepu anakushauri bila huruma. Jeff Hawkins kabla ya PalmPilot yake, kompyuta ndogo ya mfukoni, kutengenezwa alitembea na kipande cha mbao mfukoni, saizi aliyoitaka, akiwa kwenye kikao anakitoa anajifanya anaandika miadi. Mbao! Lakini ilimjibu swali ambalo hakuna kompyuta ingemjibu, je, hiki kitu kitakaa mfukoni na nitakitoa kweli au nitakisahau.

Kila sampuli iwe na swali moja. Ya udongo au povu ni ya kujibu "mkono unashikaje". Ya karatasi yenye skrini zilizochorwa ni ya kujibu "anajua abonyeze wapi". Uzito weka sarafu au mchanga ndani ufanane na halisi, kwa sababu kitu chepesi kinamdanganya mkono. Ukichanganya maswali yote kwenye sampuli moja ya gharama, ikifeli hujui nini kimefeli, na mbaya zaidi utakuwa umeshaipenda.

Jaribu, na ung'ate ulimi

Mama mmoja, mikono inatetemeka kidogo, kipima sukari kipya hajawahi kukiona. Kazi niliyompa ni moja tu, "mama, naomba upime sukari kama vile uko kwako peke yako". Akafungua kichupa cha stripu, vile vipande vyembamba vya kuwekea tone la damu, zikamwagika 4. Akajaribu kuokota moja, zimelala bapa mezani, nyembamba, akaikwangua kwa kucha hadi ukingoni mwa meza ndio akaipata. Akaichomeka, kimya. Akaigeuza, ikawaka. Akajichoma kidole, akakamua, tone likachelewa, likaja, alipolisogeza mashine ikawa imeshajizima kwa kuchoka kusubiri. Akaniangalia. "Samahani mwanangu, mimi sio mtu wa mashine."

Ndani ya dakika 2 nilihesabu makosa 4, stripu zinazomwagika, zisizookoteka, zinazoingia kinyume bila kukuambia, na mashine isiyo na subira. Yote 4 ya kwetu. Yeye aliyachukua yote akayaweka begani kwake. Ndio maana fomu za maoni zinarudi na nyota 5, watu hawalaumu kitu, wanajilaumu wao.

Kwa hiyo kwenye jaribio usifundishe, usielekeze kwa kidole, usiguse. Akikuuliza "nibonyeze hapa?" mrudishie, "ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Inauma kweli, utatamani kunyoosha mkono, kaa juu ya mikono yako kama ni lazima. Mwambie mwanzoni kabisa kwamba anayepimwa ni kifaa, sio yeye, na umwambie tena katikati kwa sababu atakuwa ameshasahau.

Watu wangapi? Kwa kutafuta makosa, Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia vitu, alishaandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya shida, kwa hesabu yake karibu 85%, na pointi yake watu huwa wanaiacha, kwamba ujaribu na 5, urekebishe, ujaribu na 5 wengine. Sio 5 ukamaliza ukaenda kiwandani. Na hiyo ni kwa kundi moja, kama una manesi na wagonjwa hao ni makundi mawili. Kwa vifaa tiba jaribio la mwisho ni habari nyingine, mwongozo wa 2016 wa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, unataka angalau watu 15 kwa kila kundi la watumiaji, na kifaa kiwe kile cha mwisho na maelekezo yake na boksi lake.

Na jaribia mahali pabaya. Giza, kelele, mikono yenye maji, glavu, mtu amesimama, mtu ana haraka. Vifuniko vya dawa vya kuzuia watoto vinanipa raha kwa hili, kwa sababu sheria ya Marekani inavijaribu pande zote mbili, watoto wa miezi 42 hadi 51 wanapewa kifurushi dakika 5, kisha wanaonyeshwa kinavyofunguka wanapewa 5 nyingine, na angalau 80% wawe wameshindwa hadi mwisho, alafu wanakuja watu wazima wa miaka 50 hadi 70 na hao 90% wanatakiwa waweze. Kifuniko kinachowashinda wote wawili hakihesabiki kuwa salama. Na sababu unaijua, bibi akishindwa kukifunga anakiacha wazi, hicho nacho ni kiraka.

Kosa likijirudia, acha kulaumu mkono

Wakati wa vita kuu ya pili marubani wa ndege za kivita za Marekani, B-17, walikuwa wakishatua salama wanakunja magurudumu badala ya vibapa vya bawa, ndege inalala na tumbo. Iliandikwa uzembe wa rubani. Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia, akaenda akaangalia ndani, akakuta swichi mbili zinafanana, ziko jirani. Akashauri ya magurudumu iwekewe kijigurudumu cha mpira na ya vibapa ipate umbo la kabari, mkono ujue bila macho kuangalia, na ajali za aina hiyo zikaisha. Ukitoka hapo nenda kaangalie vitu vyako, ni vitu vipi viwili vinafanana, viko jirani, na kimoja kikishikwa kwa makosa kinaumiza.

Tofauti ya rangi peke yake haitoshi, kwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini karibu mmoja kati ya 12 anachanganya rangi, mara nyingi nyekundu na kijani, zile zile tunazopenda kuzitumia kwa hatari na salama. Weka umbo, weka neno, weka mahali. Na pakiwezekana fanya kosa lisiwezekane kabisa. Kwa miaka mingi mirija ya mshipani, ya chakula cha tumboni na ya mgongoni ilikuwa inatumia kiungio kimoja, kila kitu kinaingia kwenye kila kitu, na kuna wagonjwa waliokufa kwa sababu dawa iliingia mrija usio wake. Stika na semina hazikutosha. Ndio ikaja familia ya viwango ya ISO 80369, kila njia ya mwili na umbo lake la kiungio, ukijaribu kuchomeka pasipo pake haiingii. Nesi aliyechoka haambiwi awe makini, plastiki yenyewe inakataa.

Kwenye skrini angalia namba zaidi ya kitu kingine. Andika 0.5, kamwe sio .5, na andika 5, kamwe sio 5.0, kwa sababu nukta ikifutika .5 inakuwa 5 na 5.0 inakuwa 50. Kipima sukari kisimruhusu mtu abadilishe kizio cha kipimo kwa bahati mbaya, mg/dL na mmol/L, njia mbili za kuandika sukari ileile, zinapishana mara 18. Na ujumbe wa kosa useme kilichotokea na cha kufanya. Mashine ya mionzi ya Therac-25 kati ya 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa 6 mionzi mikubwa kupita kiasi, wengine wakafa, chanzo kilikuwa programu na kuondolewa kwa vizuizi vya chuma, lakini kwenye baadhi ya ajali hizo mhudumu yeye alichokiona kwenye skrini ilikuwa hitilafu namba 54. Namba tu. Kitabu chake hakikueleza, na mashine ilikuwa inasimama kwa hitilafu ndogo ndogo kila siku, kubonyeza herufi moja iendelee ikawa mazoea. Alamu inayolia ovyo inamfundisha mtu kuizima, hilo mimi naliona ni kosa la kubuni sawa na waya ulio wazi.

Ukishatoa, rudi

Kiboksi changu toleo la pili, majina ya siku nimeandika mazima, kona moja nimeikata mshazari ili kikikaa kinyume mkono ugundue, na vifuniko vina ulimi mrefu unaoingia kidole kizima. Nikampelekea yule mzee, nikasubiri miezi 2, nikarudi. Rangi ya kucha hakuna. Nikafurahi kidogo, nikakigeuza, nikakuta kifuniko cha Alhamisi asubuhi kina kipande cha plasta juu yake.

Safari hii sikugusa kitambaa. "Mzee, hii ilianzaje?"

"Hapo kuna kidonge kimoja nakunywa mara moja tu kwa wiki. Daktari alisema nikikosea nikanywa kila siku ni hatari. Sasa nikigusa plasta najua leo ndiyo siku yake."

Toleo la tatu liko mezani hapa, la karatasi, na kifuniko kimoja kinachokwaruza kidole, mtu anakihamishia siku anayoitaka.